Dansi Juu ya Barafu

Wako wasemao kuwa madaha katika dansi ni ya wanawake tu. Mimi nawakatalia, na shahidi wangu ni John Curry, Mwingereza mzaliwa wa Birmingham. Utotoni alitamani kujifunza baleti; babake akakataa, ila akamruhusu kuteleza kwenye barafu, kwa kuwa huo ni mchezo. Kumbe dansi ilimfuata huko huko! Mwaka 1976, mjini Innsbruck, Austria, aliruka na kuzunguka kwa muziki wa Don Quixote, viungo vyote vikiufuata, akatwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Alifariki mwaka 1994, lakini wapenzi wa mchezo huo wangali wanayasimulia madaha yale. Basi, mzazi, mwanao wa kiume akipenda dansi, mwache acheze.