Koleo la Mzee: Tulitengeneze au Tulirudishe kwa Walioliunda?

Jumamosi ya juma lililopita nilibishiwa hodi na jirani yangu, fundi wa stima, kidole chake cha shahada kimefungwa bendeji. Alikuwa ameandamana na mkewe na mwana wao, mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Watatu hao walikuwa na kesi, nami nikafanywa hakimu bila ya kuapishwa.

Kesi yenyewe ilihusu kile kifaa cha mfukoni kinachokunjwa, chenye koleo, kisu, bisibisi, tupa na kifungua kopo, vyote katika mpini mmoja. Jirani alikirithi kutoka kwa marehemu babake, ambaye pia alikuwa fundi. Herufi za jina la mzee zingali zinaonekana kwenye mpini, zimekwaruzwa kwa ncha ya msumari. Lakini kazi ya miaka mingi imekichosha. Koleo lilikuwa gumu kufunguka, kifungua kopo kimeshika kutu, na kile kibati cha ndani kinachokishika kisu kisijikunje kimelika. Alipokuwa akichuna waya, kisu kilijikunja ghafla kikamkata. Akashonwa nyuzi tatu.

"Nipewe mimi nikipeleke Kamukunji," kijana alisema. "Mafundi wa jua kali huunda majiko, masanduku na toroli kwa nyundo tu. Hiki kitawashinda?"

Mamake akaja juu. "Kirudishwe kwa waliokiunda! Mzee alikuachieni kifaa, hakuwaachia kilema."

Baba mtu alinyamaza, akikipapasa kile chuma.

Vifaa vya aina hii vina asili ndefu. Kule Uswisi, Karl Elsener alifungua karakana yake mnamo 1884, na kufikia 1891 alikuwa akiwauzia wanajeshi visu vya kukunja vyenye bisibisi na kifungua kopo. Kampuni iliyotokana na karakana hiyo ndiyo Victorinox. Kuhusu koleo, mwenye sifa kubwa ni Mmarekani Tim Leatherman. Mnamo 1975 alikuwa akizuru Ulaya na mkewe kwa gari kuukuu aina ya Fiat. Gari likawa la kuharibika kila mara, naye mfukoni alikuwa na kisu tu, hana koleo. Ilimchukua miaka kadhaa kukiunda alichokitaka, na mwaka wa 1983 kifaa chake cha kwanza kikaingia sokoni.

Kampuni hizo mbili hutoa dhamana, lakini dhamana nazo husomwa. Ile ya Leatherman ni ya miaka 25, na kampuni ina hiari ya kukitengeneza kifaa ama kukupa kingine. Ile ya Victorinox ni ya maisha, ila inahusu kasoro za chuma na za uundaji. Kuchakaa kwa matumizi ya kawaida hakumo. Wala usitarajie dhamana kukusaidia ikiwa kifaa kimetumiwa vibaya ama kimebadilishwa umbo. Kwa hivyo ukianza Kamukunji, ukasagiwa na kuchomelewa, usishangae kiwanda kikikirudisha vile vile.

Nilimwambia yule kijana kwamba sidharau mafundi wetu. Tatizo ni moto. Chuma cha kisu hupewa ugumu kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu. Kikisagwa kwa mashine ya kasi bila ya kupozwa kwa maji, ncha hupata joto jingi, na ukiona imegeuka rangi ya samawati, jua ugumu umeondoka. Utakinoa leo, kesho ni butu. Na kibati kinachokishika kisu hakitaki kukosea hata unywele. Kikisagwa kupita kiasi kidogo tu, kisu kitalegea zaidi.

Kabla ya kutoa hukumu, niliomba maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani. Tulikifungua kifaa chote, tukakiloweka kwa muda, kisha tukasugua kila kiungo. Jameni, uchafu uliotoka! Nyuzi za mfuko, vumbi la saruji na mafuta yaliyoganda. Tulikikausha barabara, kwani maji yakibaki ndani kutu ndiyo mgeni wa kesho. Tukatia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila kiungo, tukafungua na kufunga mara kadhaa, tukapangusa yaliyozidi. Ewe msomaji, usitumie mafuta ya kupikia, maana yakikaa hugeuka gundi.

Koleo likafunguka kama jipya! Kutu ya kifungua kopo ikatoka kwa kusuguliwa. Nusu ya ugonjwa, kumbe, ilikuwa ni uchafu.

Kile kibati hakikupona. Kukisafisha hakukirudishii chuma kilicholika. Nilimwonyesha jirani: ukikifungua kisu hadi mwisho, ukakisukuma polepole mgongoni kwa kipande cha mbao, vidole vikiwa mbali, kinajikunja. Kisu kama hicho hakistahili kufanya kazi hata siku moja.

Jumatatu tukampigia simu wakala wa walioliunda koleo lile. Alitujibu kwa adabu kwamba kingetumwa ng'ambo, na kikionekana hakitengenezeki, mwenyewe angepewa kipya cha mtindo wa sasa.

"Na hiki cha baba?" jirani akauliza.

"Hicho hakirudi, mzee."

Akashukuru, akakata simu. Tulikaa kimya kitambo.

Hapo ndipo nilipopata la kukuambia wewe msomaji. Kwanza, safisha kabla ya kulaumu. Pili, kilicholika katika kiungo ama katika kishikizo cha kisu si kazi ya meza ya jikoni, na usikiguse kwa tupa ikiwa ungali unaitegemea dhamana. Tatu, kabla ya kukituma, uliza maswali matatu: kitarudi kile kile ama kingine? Gharama ya kutuma ni ya nani? Na je, kikirudi nitatozwa ushuru? Kama ni kifaa cha kununua dukani tu, kitume bila wasiwasi, kwani kipya ni faida. Kama ni kumbukumbu ya mtu, mizani inageuka.

Jirani hakukituma. Alikaza kisu kwa utepe wa stima, kikiwa kimekunjwa, kisiweze kufunguka tena. Koleo na bisibisi anaendelea kuzitumia kazini. Kwa kuchuna waya alinunua kisu cha kawaida. Mkewe alikubali shingo upande, lakini alikagua ule utepe mwenyewe, akauzungusha mara mbili zaidi.

Kijana naye amepewa kazi ya kukisafisha kila mwisho wa mwezi. Nilimsikia akimwuliza babake zile herufi kwenye mpini zilikwaruzwa lini, na baba mtu akavuta kiti, akaanza kumhadithia.

Hadi Jumapili ijayo, kaguа vyombo vyako kabla havijakukagua wewe.