Mlima mmoja, majina mengi, na nambari moja mbovu

Hebu nikuulize: mlima ukiandikwa kwenye ramani ukiwa umepungukiwa mita 377, nani atagundua? Ukiwa Antaktika, miaka inaweza kupita hivi hivi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mount Hope. Mwaka 1935 Mmarekani Lincoln Ellsworth aliruka kwa ndege juu ya safu ya milima na kuvipa vilele vitatu majina: Faith, Hope na Charity, yaani Imani, Tumaini na Upendo. Baadaye ramani zikaandika kwamba Hope una mita 2,862. Mwaka 2017 watafiti wa British Antarctic Survey walipima upya kwa picha za setilaiti wakapata 3,239. Mlima haukukua, jamani. Data ndiyo iliyokuwa mbovu. Na si jambo la kucheka, kwa sababu kuna marubani wanaopita huko, na wingu likitanda rubani hana lingine ila kuamini ramani.

Sasa, mlima huo uko katika eneo linalodaiwa na Uingereza, Argentina na Chile, zote tatu. Kila nchi ina kamati yake ya majina. Wapo wanaosema huo ni mkorogo, heri kila mlima upewe jina moja tu rasmi. Mimi nakataa.

Niliwahi kuandika programu ya kusambaza bidhaa madukani, nikatumia jina la duka kama kitambulisho. Karani mmoja akaandika jina kwa namna yake, mwingine kwa yake, na duka moja likapelekewa mzigo mara mbili. Kosa halikuwa la makarani, lilikuwa langu. Jina si kitu chenyewe.

Wanasayansi wa SCAR, kamati ya kimataifa ya utafiti wa Antaktika, walilielewa hilo. Orodha yao ina majina zaidi ya 35,000, lakini mahali penyewe ni kama 19,000 tu. Kila mahali pana nambari yake, na majina ya nchi zote yananing'inia kwenye nambari hiyo. Hakuna aliyefutwa. Hata Mkataba wa Antaktika wa 1959 umefanya vivyo hivyo: madai ya ardhi hayakukubaliwa wala kukataliwa, yamewekwa kando ili kazi iendelee.

Ulinzi nao haungoji jina. Itifaki ya Madrid ya 1991, iliyoanza kutumika 1998, inapiga marufuku uchimbaji wa madini katika bara zima. (Utasikia watu wakisema itaisha 2048. Si kweli. Mwaka huo ndipo nchi mwanachama itakapoweza kuomba ijadiliwe upya, basi.)

Kwa hiyo kelele zote za majina naziona zimeelekezwa pasipo. Jina likiwa mawili hakuna anayeumia. Ile 2,862 ndiyo ingeweza kuua mtu, na ilikaa pale kama ukweli, bila kuonyesha ilipimwa lini wala kwa kifaa gani.

Ningekuwa natengeneza jedwali hilo, safu ya urefu isingekubali nambari yoyote bila mwaka na njia ya kupimia. Ukibonyeza hifadhi, programu inakugomea. Ni safu mbili tu za ziada, kazi ya nusu saa.