Safari ya Kirgizistani

Atakaye kwenda Kirgizistani, nchi ya milima katika Asia ya Kati, asianze kwa kuhesabu nauli. Aanze kwa kutazama majira. Ziwa Song-Köl liko juu mita 3,016. Wachungaji hupanda huko mwezi wa sita pamoja na farasi na kondoo, na kusimamisha nyumba zao za sufu iliyoshindiliwa. Mwezi wa tisa baridi huwarudisha bondeni.

Tena asipande kwa haraka. Mji mkuu, Bishkek, uko kwenye mita 800 hivi tu. Alale kwanza siku mbili tatu kando ya Ziwa Issyk-Kul, mita 1,607, mwili uzoee hewa haba. Huko juu kichwa kikimwuma na kutapika kukianza, asione haya: ashuke upesi. Mlima hauhami, uhai ukipotea haurudi.