Mchagua Nazi wa Detroit: Shabiki na Mkakati wa Kuifufua Timu

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya kijana anayewabagua wachumba, lakini hutimia mbele ya mamilioni ya watu nchini Marekani kila mwezi wa Aprili, wakati timu 32 za ligi ya NFL zinapokutana kuwagawana vijana wanaotoka katika timu za vyuo vikuu. Hiyo ni ligi ya futiboli ya Kimarekani, mchezo usiofanana na kandanda: mpira wake una umbo la yai, nao hushikwa mikononi zaidi ya kupigwa kwa miguu. Siku za uteuzi zikiwadia, shabiki ambaye timu yake imechapwa msimu mzima hugeuka meneja. Hukaa mezani na kalamu yake, akaandika nani achukuliwe kwanza, nani afuate na nani auzwe. Je, mkakati huo una thamani yoyote, ama ni porojo za mtu aliyeshindwa? Una thamani, tena kubwa, ila kwa sharti ambalo mashabiki wengi hawalipendi: uache kuwa orodha ya majina.

Kwanza, suala la msamiati. Neno ambalo Wamarekani hulitumia kwa shughuli hiyo likiswahilishwa huwa drafti, na drafti imekwisha kuwa mali ya wazee wa barazani na kete zao. Uteuzi ni neno lifaalo zaidi, na kila nafasi ya kuteua yafaa iitwe zamu. Uteuzi una duru saba. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliotangulia hupewa zamu ya kwanza, na bingwa hungoja hadi mwisho wa duru. Wazo hilo lilitolewa na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ambaye timu yake ilikuwa miongoni mwa zilizo dhaifu, kwa hivyo hakuwa mshauri asiye na masilahi. Uteuzi wa kwanza ulifanywa mwaka wa 1936, na Bell mwenyewe ndiye aliyeanza. Alimteua Jay Berwanger, kijana aliyesifika kote, ambaye hakucheza hata mechi moja katika ligi hiyo. Koroma, basi, lilikuwamo kapuni tangu siku ya kwanza.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba zamu ni mali. Huuzwa na kubadilishwa, hata zile za miaka ambayo haijafika. Hapa ndipo mkakati wowote wa kuijenga timu upya unapoanzia, na hapa ndipo shabiki wa kawaida anapoteleza.

Hakuna pahali ambapo shabiki ameteleza na kuumia kuliko Detroit. Timu ya mji huo, Detroit Lions, ilitwaa ubingwa mwaka wa 1957. Tangu hapo hadi mwisho wa mwaka wa 2023 ilikuwa imeshinda mchezo mmoja tu wa mtoano, Januari 1992. Mtoto aliyezaliwa siku ya ushindi huo alifikisha umri wa miaka thelathini na miwili kabla ya kuuona mwingine. Katikati ya kipindi hicho timu ilipoteza mechi zote 16 za msimu wa 2008, aibu ambayo haikuwa imewahi kuifika timu yoyote tangu msimu uwe wa mechi 16.

Shabiki wa timu kama hiyo akishika kalamu, jina la kwanza analoandika ni la kwotabeki, yaani yule mchezaji anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua uende wapi. Hutafuta mkombozi. Hali hiyo yaeleweka, maana mwenye njaa hatafuti shamba, hutafuta sahani. Hata hivyo, ushahidi hauko upande wake. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler (ambaye mwaka wa 2017 alituzwa Nobeli ya uchumi) waliuchunguza uteuzi wa miaka mingi wakatambua kwamba, ukimlinganisha mchezaji yeyote aliyeteuliwa na yule aliyefuata kuteuliwa katika nafasi hiyohiyo ya uchezaji, uwezekano wa yule wa kwanza kuwa bora umezidi nusu kwa kiasi kidogo tu. Ni kama kurusha sarafu. Matokeo hayo hayawahusu mashabiki. Yanawahusu wataalamu wanaolipwa, wenye saa za kupima mbio na mizani ya kupima miili. Ikiwa hao wanakisia, seuze mtu anayetazama runinga sebuleni?

Mwaka wa 2021 ulidhihirisha hayo wazi. Makwotabeki watano waliteuliwa katika duru ya kwanza. Kufikia Aprili 2024, wanne kati yao walikuwa wamekwisha kuondoka katika timu zilizowateua. Mmoja wao, Trey Lance, alikuwa ameigharimu San Francisco zamu tatu za duru ya kwanza ili ipande hadi nafasi ya tatu katika foleni na kumchukua. Mwaka uliofuata timu hiyohiyo ilimteua Brock Purdy kwa zamu ya 262, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabisa, naye ndiye aliyeishia kuwa kwotabeki wake. Wengine hata hawapitii mlango huo: Daniel Adongo, Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, aliingia Indianapolis Colts mwaka wa 2013 akitoka katika raga, bila kuteuliwa na yeyote.

Maadamu hakuna ajuaye kwa yakini nazi ipi imekomaa, mtu mwenye busara hununua nazi nyingi. Mkakati mzima umo katika sentensi hiyo, na uliwahi kutekelezwa mchana kweupe. Mnamo tarehe 12 Oktoba 1989, Dallas Cowboys walimtoa Herschel Walker, mchezaji wao mahiri kuliko wote, kwa Minnesota. Miongoni mwa waliyopewa mlikuwa na zamu tatu za duru ya kwanza na tatu za duru ya pili. Msimu huo Dallas ilishinda mechi moja na kupoteza 15. Kisha ikatwaa ubingwa Januari 1993, Januari 1994 na Januari 1996. Ni shabiki gani, Oktoba ile, angeandika katika mkakati wake: muuzeni aliye bora?

Detroit ilifanya jambo la aina hiyo mwaka wa 2021, chini ya meneja mkuu mpya, Brad Holmes, na kocha mpya, Dan Campbell. Matthew Stafford, kwotabeki aliyeitumikia timu kwa miaka 12, alipelekwa Los Angeles Rams. Detroit ilimpokea kwotabeki Jared Goff, ambaye Rams walikuwa wamemchoka, pamoja na zamu mbili za duru ya kwanza na moja ya duru ya tatu. Stafford alitwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza huko. Detroit ilishinda mechi tatu. Kwa jicho la shabiki, aliyeuza ng'ombe alikuwa amebaki na kamba.

Kamba hiyo, hata hivyo, ilikuwa ndefu. Moja ya zamu zilizotoka Rams ilikuwa ya sita mwaka wa 2023. Badala ya kuitumia, Holmes aliibadilisha na Arizona, akashuka hadi zamu ya 12 na kujiongezea ya 34. Ya 12 ilimleta mkimbizaji Jahmyr Gibbs, na ya 34 mdakaji Sam LaPorta. Hali kadhalika, zamu yake ya kwanza ya mwaka wa 2021, ambayo wengi wangeitumia kumpata mchezaji wa kupamba mabango, aliitumia kumchukua Penei Sewell, mmoja wa wale majitu wa safu ya mbele ambao kazi yao ni kumkinga kwotabeki na ambao majina yao hayatangazwi ila wanapokosea. Na katika duru ya nne ya mwaka huo alimpata Amon-Ra St. Brown, mteule wa 112. Wadakaji 16 walikuwa wametangulia kuteuliwa, na inasemekana kijana huyo huwataja wote kwa majina bila kukosea hadi leo. Bila ya zamu nyingi, nani angemfikia?

Ni kweli kuwa hesabu hizi hazikuwa na faida ileile zamani. Mwaka wa 2010 Sam Bradford, mteule wa kwanza, alitia saini mkataba wa dola milioni 78 kwa miaka sita. Baada ya makubaliano mapya kati ya ligi na wachezaji, mteule wa kwanza wa 2011, Cam Newton, alipata takriban dola milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo mteule mpya ni mfanyakazi wa bei nafuu, hata akiwa wa kwanza, na kila zamu ina uzito zaidi. Kwamba vijana wenyewe hawana uhuru wa kuchagua mwajiri wala mji wa kuishi ni dhuluma ambayo mashabiki, wakiwa na kalamu zao mikononi, huizungumzia mara chache mno.

Linalobaki ni muda, na hapa shabiki huwa mhusika mkuu. Mnamo Oktoba 2022 Detroit ilikuwa imeshinda mechi moja na kupoteza tano. Kelele za kutaka kocha afutwe zilikuwa zimepanda. Mmiliki, Sheila Ford Hamp, alijitokeza mbele ya wanahabari akawasihi watu wasibabaike. Alidhihakiwa. Msimu ule uliishia kwa ushindi wa mechi tisa dhidi ya nane.

Je, shabiki aambiwe basi kwamba wajibu wake ni kunyamaza na kulipa kiingilio? La, hasha. Timu hiyohiyo ya Detroit ilitumia zamu yake ya kwanza kumteua mdakaji mwaka wa 2003, tena mwaka wa 2004, na tena mwaka wa 2005. Desemba 2005 mashabiki waliandamana nje ya uwanja wakitaka kiongozi wa timu aondolewe. Hawakusikilizwa hadi Septemba 2008, msimu ule wa kupoteza mechi zote ukiwa tayari umeanza. Wakati huo mafundi ndio waliokuwa wakichagua majina, na mashabiki ndio waliokuwa wakiyaona mapengo. Kwa hivyo hasira ya mwaka wa 2005 ilikuwa ya haki, na ile ya 2022 ilikuwa ya pupa, ingawa ubao wa matokeo ulionyesha msiba uleule.

Tofauti haionekani katika ubao. Yaonekana uwanjani, kwa mwenye kutaka kutazama. Mwaka wa 2022 vijana walioteuliwa walikuwa wakicheza kila wiki na kuimarika: Sewell, St. Brown, na Aidan Hutchinson, mwana wa jimbo hilohilo la Michigan, aliyeteuliwa wa pili mwaka huo. Mwaka mmoja kabla, baada ya mechi 11 bila ushindi, timu iliishinda Minnesota kwa pasi iliyodakwa na St. Brown katika mchezo wa mwisho, saa ikiisha. Timu iliyokata tamaa haichezi hivyo. Mkakati wa shabiki ungepaswa kuandika mambo kama haya: ni mapengo gani yamezibwa, nani anakua, zamu ngapi zimo ghalani.

Zamu ghalani peke yake, hata hivyo, ni utajiri wa bahili. Cleveland Browns walikusanya zamu kuliko wengi. Mwaka wa 2016 waliiuza zamu ya pili kwa Philadelphia, na mwaka wa 2017 wakaiuza ya 12 kwa Houston, ambayo ilimteua Deshaun Watson. Katika misimu hiyo miwili walicheza mechi 32 wakashinda moja. Januari 2018 mashabiki waliandamana kuuzunguka uwanja, wakiifanyia kejeli alama ya sifuri. Aliyeukusanya utajiri huo, Sashi Brown, alikuwa amefutwa mwezi uliotangulia, na wengine wakautumia. Timu ilipata ushindi wa mtoano Januari 2021, kisha Machi 2022 ikatoa zamu tatu za duru ya kwanza, na mkataba wa dola milioni 230 uliodhaminiwa wote, ili kumpata Watson yuleyule iliyemwacha apite. Sahani ilikuwa imelishinda shamba tena. Kumwomba shabiki subira huku timu ikijilegeza ili ishindwe ni kumtoza ada ya darasa lisilofundishwa.

Mtetezi wa mkombozi ana hoja moja nzito, nayo haifai kufichwa. Washington ilishinda mechi nne tu msimu wa 2023. Ikamteua kwotabeki Jayden Daniels wa pili mwaka wa 2024, ikashinda 12. Januari 2025 Daniels huyo aliiondoa Detroit katika mtoano, nayo ilikuwa imetoka kushinda mechi 15 kati ya 17. Mkombozi, basi, yupo. Linalokosekana ni njia ya kumtambua Aprili, na shabiki anayemtaja Daniels ana deni la kumtaja Lance pia.

Usiku wa uteuzi wa 2023, Detroit ilipomchukua Gibbs kwa zamu ya 12 na mlinzi Jack Campbell kwa zamu ya 18, wachambuzi na mashabiki wengi waliguna: nafasi hizo mbili, walisema, hazistahili duru ya kwanza. Miezi tisa baadaye Detroit iliwashinda Rams wa Stafford kwa alama 24 kwa 23, Goff akiongoza, na kufika hatua moja kabla ya fainali. Huko iliongoza 24 kwa 7 hadi mapumziko, kisha ikashindwa 34 kwa 31 na San Francisco. Kwotabeki wa San Francisco alikuwa Purdy, mteule wa 262.

Aprili 2024 uteuzi ulifanyika Detroit kwenyewe, na watu zaidi ya 700,000 walihudhuria kwa siku tatu. Wenyeji walikuwa na zamu ya 29. Walibadilishana na Dallas, wakapanda hadi ya 24, wakamteua mlinzi Terrion Arnold, na umati ukalipuka kwa shangwe. Haikosi walikuwamo wengi ambao katika karatasi zao za nyumbani walikuwa wameandika jina jingine.