Paka wa Nyumba Anastahili Kaburi

Katika miji yetu ya Arua na Koboko, afapo ng'ombe majirani hukusanyika, afapo mbuzi hasara yake huhesabiwa kwa shilingi, na afapo mbwa wa ulinzi watu huulizana ni nani aliyemtilia sumu; lakini afapo paka, aghalabu mtoto mmoja huamriwa amshike mkia akamtupe jalalani au katika shimo la choo, na kabla jua halijachwa jina lake halitajwi tena. Rai yangu ni kwamba desturi hiyo haina insafu kwa mnyama aliyetutumikia, haina mafunzo mema kwa watoto wetu, na juu ya hayo ina hatari kwa afya zetu wenyewe. Na kwamba mtu anayeona huzuni kwa kufiwa na paka wake hana haja ya kuificha huzuni hiyo mbele ya mtu yeyote.

Tuanze na haki ya marehemu. Sisi wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni watu wa mtama, mahindi, ufuta, maharagwe na mihogo, na mavuno hayo, yasipohifadhiwa ghalani, hulala pamoja nasi ndani ya nyumba kwa kumhofu mwizi. Palipo na nafaka hapakosi panya, na palipo na panya katika nyanda za juu zinazopakana na Kongo, kutoka Vurra na Logiri hadi Okoro katika Wilaya ya Zombo, hapakosi kumbukumbu ya tauni. Maradhi hayo, ambayo katika karne ya 14 yalifyeka sehemu kubwa ya watu wa Ulaya, kwetu hayajawa hadithi ya kale: mwaka 2006 yaliwashika watu zaidi ya 100 katika wilaya za Arua na Nebbi, na baadhi yao yakawapeleka kaburini, na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, ambayo makao yake ni Entebbe, imekuwa na maabara ya tauni hapa hapa Arua. Panya huugua akafa, kiroboto wake aliyeshiba damu yenye vijidudu humkimbia maiti akatafuta mwili mwingine wenye joto, na mwili ulio karibu mara nyingi ni wa mtoto aliyelala sakafuni. Sidai kwamba paka ni dawa ya tauni, maana yeye naye huambukizwa akila panya mgonjwa. Lakini nyumba yenye paka hodari panya huiogopa, gunia la ufuta hubaki zima, na mama mwenye nyumba hulala usingizi ambao asingeupata lau angekuwa peke yake na kelele za darini.

Huyo ndiye mtumishi asiye na mshahara, ambaye wazee wa pwani walimhukumia haki yake kwa methali isemayo kuwa paka wa nyumba haingwa. Akiwa hai hafukuzwi. Itakuwaje basi akifa atupwe?

Wapo watakaocheka na kusema kwamba kumlilia paka ni mambo ya Wazungu, yaliyoletwa na filamu na watu wenye fedha za kuchezea. Historia haikubaliani nao. Mwaka 2004 wanachuoni wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kupro wamefukua kaburi lenye umri wa miaka ipatayo 9,500, na karibu sana kando yake paka mzima aliyezikwa katika shimo lake mwenyewe, akiwa ameelekezwa upande ule ule aliolazwa mtu. Na mto huu wetu wa Nili, unaopita Rhino Camp kwa utulivu kana kwamba hauna pa kwenda, hufika mwisho wa safari yake katika nchi ambayo watu wake walimtukuza paka kuliko taifa lolote: Herodotus, mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, ameandika kwamba katika Misri paka akifa kifo cha kawaida, watu wote wa nyumba hiyo walinyoa nyusi zao, na maiti ikapelekwa mji wa Bubastis ikatiwa dawa na kuzikwa. Kinyume chake, mwaka 1890 shehena ya maiti za paka hao wa kale, tani zipatazo 19, ilipakiwa melini kutoka Misri ikapelekwa Liverpool, ikapigwa mnada, na sehemu kubwa ikasagwa kuwa mbolea ya mashamba ya Uingereza. Basi aambiwaye kwamba heshima kwa paka ni ugeni, na aulize ni nani aliyezika na ni nani aliyesaga.

Wala dini zetu hazituzuii. Wanaofuata Uislamu, ambao ni wengi katika mitaa ya Oli na katika Koboko nzima, wanajua kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa paka si najisi, kwa kuwa ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Wanajua pia habari ya mwanamke aliyestahili adhabu kwa kumfungia paka bila chakula, asimwache ajitafutie riziki. Na wanajua kuwa sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote, Abu Huraira, aliitwa hivyo kwa sababu ya kipaka alichokuwa akikibeba. Wanaofuata Ukristo, katika vilima vya Ediofe na Mvara, wamesoma kwamba hata shomoro haanguki chini bila Mola kujua. Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote naiona katika kisa cha Kurani cha wana wawili wa Adamu: muuaji alipokuwa amesimama hajui la kufanya na mwili wa nduguye, Mwenyezi Mungu alimtuma kunguru afukue ardhi, ili amwonyeshe namna ya kuusitiri. Maadam binadamu wa kwanza kuzika alifundishwa na ndege, ni aibu gani kwetu kumrudishia mnyama elimu tuliyoipata kwa mnyama? Sala ya jeneza hana, matanga hana, wala hakuna anayemtakia. Shimo na udongo vyamtosha.

Hata hivyo, katika nchi hii yetu kuagana na paka hakukuwa mara zote kwa mauti. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na vita vilipofika kwetu mwaka 1980, watu wa Arua na Koboko walimiminika Zaire na Sudan, wakaacha miji mitupu. Na mwaka 2016 zamu ikageuka, mapigano ya Sudan Kusini yakaenea hadi Yei, na wale waliokuwa wenyeji wetu zamani wakavuka mpaka wa Oraba wakiwa wageni wetu. Katika kukimbia huko mbuzi hufungwa kamba, kuku hutiwa tengani, mtoto hubebwa mgongoni; lakini paka, akisikia mlio wa bunduki, hupanda darini au huzama vichakani, na mwenye nyumba hana saa ya kumbembeleza ashuke. Waliopitia hayo husimulia kwanza ndugu waliopotea, na ndivyo ipasavyo. Lakini ukikaa nao jioni, na mazungumzo yakatulia, utasikia pia habari ya paka aliyeachwa akiwa amekaa juu ya ukuta. Nani atathubutu kuwaambia kwamba huzuni hiyo ni upuuzi? Moyo uliobeba misiba mikubwa haukosi nafasi ya msiba mdogo, na pengine huo mdogo ndio unaoweza kutamkwa bila sauti kukatika.

Nyumbani kwetu Arua tulikuwa na paka jike mwenye madoa meupe, ambaye uzee ulimjia polepole: kwanza aliacha kuruka ukutani, kisha akaacha kuwinda, na mwisho dagaa wa Ziwa Albert, aliokuwa akiwalilia tangu mlangoni, wakawekwa mbele yake naye akageuza uso. Paka anayetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 15 na zaidi, kwa hiyo mtoto aliyemkuta nyumbani huwa amevunja ungo au ameota ndevu siku ya kumpoteza. Tulimzika chini ya mwembe, asubuhi, watoto wote wakiwapo. Na jirani mmoja aliyepita njiani akauliza kama tumefiwa, nikamjibu kwamba ndiyo, naye akasema pole bila kuuliza zaidi. Pole ile ilinitosha, na ndiyo ninayoiombea kila mtu aliye katika hali ile.

Watoto hasa ndio wenye haki ya maziko hayo. Kwa wengi wao paka ni maiti ya kwanza kuiona kwa macho, na namna tutakavyomtendea ndiyo watakayoichukua kuwa kipimo cha mauti yote yatakayofuata. Tukiwaambia kwamba amesafiri, watamngojea. Tukimtupa jalalani mbele yao, watajifunza kwamba kiumbe akiisha faida huwa takataka, na siku moja somo hilo litatugeukia sisi wazee. Bali tukiwaambia kweli, kwamba amekufa na harudi, tukawapa nao kiganja cha udongo wa kufukia, tutakuwa tumewafunza ihsani, nao watakuwa tayari kidogo kwa siku ya huzuni iliyo kubwa kuliko hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata asiyempenda paka halimruhusu kukaa kimya. Paka wengi wa miji yetu hawafi kwa uzee. Hufa kwa sumu ya panya, inayouzwa sokoni na wachuuzi pamoja na dawa za mende na kunguni. Baadhi ya sumu hizo huizuia damu kuganda, na panya aliyezila huishi siku kadhaa akipepesuka mchana kweupe. Paka humkamata bila taabu, humla, na sumu humgeukia yeye. Hivyo mtu humwua mlinzi wake kwa mkono wake, na mwezi unaofuata panya, ambao huzaana upesi kuliko paka, wakarudi katika nyumba isiyo na mlinzi. Na katika nyanda za tauni hatari ni maradufu, maana wajuzi hushauri viroboto wauawe kwanza ndipo panya wauawe, kwa kuwa panya wakifa ghafla viroboto wao hutuhamia sisi. Mwenye paka achague moja: ama paka, ama sumu. Na anayelazimika kutumia sumu amfungie paka wake, akusanye mizoga ya panya kwa kijiti bila kuigusa, aichome au aifukie.

Pia tusiache paka ateseke wiki nzima nyuma ya jiko kwa kudhani kwamba daktari wa mifugo ni wa ng'ombe na mbuzi tu. Ofisi yake ipo katika wilaya, naye anaweza kumtibu anayetibika, na asiyetibika kumdunga sindano ya usingizi asioamka. Kumwomba daktari rehema hiyo si ukatili. Ukatili ni kumwacha alie usiku kucha tukajifanya hatusikii.

Na maziko yenyewe yafanywe kwa hadhari. Paka huweza kupata kichaa cha mbwa, na huweza kupata tauni. Kwa hiyo usimshike maiti kwa mikono mitupu, vaa mifuko ya nailoni mikononi, usimpasue kutafuta sababu ya kifo, mfunge katika kitambaa au gunia, mchimbie shimo la dhiraa mbili, mbali na kisima na kijito, lifukie na uliwekee mawe mbwa wasilifukue, kisha nawa kwa sabuni. Iwapo kabla ya kufa alikuwa mkali pasipo sababu, au alitokwa na udenda, au alipooza, au iwapo panya wanaonekana kufa ovyo mtaani, mwarifu daktari wa mifugo kabla ya kuzika. Aliyeumwa au kuparuzwa na paka wa namna hiyo aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kupata chanjo, maana kichaa cha mbwa dalili zake zikisha kutokea hakina tiba. Asiyemtupa paka jalalani basi hakumstahi paka tu, bali amewakinga pia watoto wanaookota vitu pale na mbwa wanaokula pale.

Najua nitaambiwa kwamba nchi hii ina wakimbizi, ina yatima, ina barabara mbovu, na kwamba kalamu ingetumika vema zaidi huko. Kweli, mambo hayo ni makubwa, na kila moja lina haki yake. Lakini kaburi la paka halidai fedha ya serikali wala msaada wa wafadhili. Ladai jembe, nusu saa, na moyo usioona haya. Basi wewe msomaji, wa Arua au wa Koboko, wa mjini au wa mpakani: paka wako akifa, mzike, watoto wako wakilia, waache walie, na jirani yako akifiwa na wake, mpe pole.