STERINGI ALIUAWA NA WALIOKUJA KUMWOKOA

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu juu ya jambo lililotokea kijijini kwetu, ambalo naamini linaweza kutokea katika kijiji cho chote cha nchi yetu. Jambo lenyewe linahusu sinema, lakini naomba wasomaji wasiharakishe kufunua ukurasa wakidhani nazungumzia starehe.

Hapa kijijini tunalo banda la video. Ni banda la mabati lenye mabenchi na runinga moja, na kiingilio chake ni shilingi mia tano. Jumamosi moja usiku mwenye banda alileta sinema ya Kimarekani ya mwaka 1968 iitwayo Night of the Living Dead, yaani Usiku wa Maiti Walio Hai. Aliipata mjini ndani ya flashi. Kijana mmoja mwenye maneno mengi alisimama kando ya runinga akawa anatufafanulia kwa Kiswahili, mara nyingine akiongeza yake. Mimi pia nilikuwamo ndani.

Kwa wale ambao hawajaiona, habari yake ni hii. Maiti wanafufuka na kuanza kula watu. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shamba. Kijana mmoja mweusi aitwaye Ben anapigilia mbao madirishani na kuwaongoza wengine. Humo ndani yumo pia mzee mmoja mbishi, Cooper, ambaye anataka wote wajifiche chini katika chumba cha ardhini. Wanagombana usiku kucha, na kwa ajili ya magomvi hayo wanakufa mmoja mmoja. Ben peke yake anafika asubuhi akiwa mzima. Ndipo linapotokea kundi la wananchi wenye bunduki, wakiongozwa na mkuu wa polisi wa wilaya, wakisafisha mashamba. Wanamwona Ben dirishani, wanadhani ni maiti, wanampiga risasi ya kichwa. Mwili wake unatupwa motoni pamoja na maiti wengine. Sinema inakwisha.

Ndugu Mhariri, banda lilipiga kelele. Vijana walidai warudishiwe fedha zao. Walisema tangu lini steringi akafa? Sote tulikua tukijua kwamba steringi hafi, na hata akipigwa risasi kumi hupona. Wengine walilalamika kwamba sinema haina rangi, haina ngumi za kutosha, na maiti wenyewe wanatembea polepole kama watu waliolewa pombe ya kienyeji. Mzee mmoja alisimama akasema sinema za namna hiyo zipigwe marufuku kwa kuwa zinachezea wafu. Akina mama wawili walicheka wakasema huo ni mchezo tu, mtu mzima haogopi kivuli. Na kijana mmoja anayetamani kuwa mwigizaji akasema hiyo ni sinema ya bei rahisi, hata sisi tunaweza kutengeneza.

Hayo ndiyo yalikuwa maoni ya watazamaji. Nilikwenda zangu nyumbani nikicheka. Sikujua kwamba yako maoni mengine ambayo hayakusemwa kwa mdomo.

Siku tano baadaye, mnamo saa mbili za usiku, nilisikia mayowe karibu na kisima. Nilipofika nilikuta vijana wapatao kumi na wawili wenye fimbo na tochi wamemzunguka bibi mmoja wa kijiji chetu. Bibi huyo ana ugonjwa wa kusahau. Alikaa miaka miwili mjini kwa binti yake akitibiwa, na maneno yalienea hapa kwamba amekwisha kufariki. Alikuwa amerudishwa wiki ile ile, na usiku huo alitoka nje akapotea njia ya kurudi nyumbani. Alikuwa anatembea polepole, nywele zimetimka, hajibu anapoitwa. Vijana wakapiga kelele, "Msukule! Msukule! Mpigeni kichwani!" Jiwe moja lilikwisha mpata begani. Aliyekuwa mbele kabisa na fimbo mkononi ni mwanafunzi wangu wa darasa la saba.

Nilimwuliza, "Mwanangu, unafanya nini?" Akanijibu, "Mwalimu, tuliambiwa bibi huyu alikufa. Tukiwaacha hawa watatung'ata, na sisi tutakuwa kama wao."

Ndugu wasomaji, jibu hilo lilinikosesha usingizi. Mimi nimezaliwa huku huku Kanda ya Ziwa. Habari za msukule nimezisikia tangu utotoni. Lakini katika masimulizi ya wazee wetu msukule haumi mtu. Husemwa kwamba ni mtu aliyechukuliwa na mchawi, akafanywa mtumwa wa kulima usiku na kulishwa pumba. Hata huko Haiti, kisiwani kwenye bahari ya Karibi, zombi wa masimulizi ya zamani hali watu. Ni mtu aliyenyang'anywa nafsi yake ili afanye kazi bila kuchoka na bila ujira, na si ajabu kwamba hofu hiyo ilikua miongoni mwa watu ambao babu zao walikuwa watumwa wa mashamba ya miwa. Maiti wanaokula nyama ya watu, na dawa ya kuwapiga kichwani, vilienezwa ulimwenguni na sinema hii iliyopigwa mwaka 1967 katika jimbo la Pennsylvania. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alikuwa amechanganya hofu ya bibi yake na hofu ya Wamarekani, akapata hofu moja mpya yenye fimbo mkononi.

Mambo hayakuishia hapo. Kesho yake watu walianza kuulizana, kama bibi ni msukule, ni nani basi aliyemchukua? Kabla ya jua kuzama jina la mjane mmoja jirani yake lilikwisha anza kutajwa, eti kwa sababu macho yake ni mekundu. Ye yote anayeishi kanda hii anajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Ni akina mama wazee wangapi wa Shinyanga, Mwanza na Geita waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho ambayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, waliouvuta jikoni miaka hamsini wakitupikia sisi? Tunamshukuru mwenyekiti wa kijiji, ambaye aliitisha mkutano siku ile ile, akamleta bibi mbele ya watu, akaeleza ugonjwa wake, na kuwakumbusha wote kwamba Sheria ya Uchawi, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1928, inamhesabu kuwa na kosa mtu anayemsingizia mwenzake uchawi. Bibi alipona. Mjane naye yu salama hadi leo.

Sasa nirudi kwenye maoni ya watazamaji, maana nataka kumjibu kila mmoja kwa heshima.

Kwanza, wale waliosema ni mchezo tu. Kwa mtu mzima ni kweli. Lakini katika banda lile nilihesabu watoto wasiopungua kumi na tano. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hajaweza kutenganisha vizuri kilichoigizwa na kilichotokea, hasa kama mtu mzima hakukaa naye kumweleza. Wala jambo hili si letu peke yetu. Sinema hiyo ilipotolewa Oktoba 1968, huko Marekani mpango wa kupanga sinema kwa umri wa watazamaji ulikuwa haujaanza. Ulianza Novemba, mwezi mmoja baadaye. Mwandishi wa Chicago, Roger Ebert, aliandika Januari 1969 jinsi alivyokuta ukumbi umejaa watoto mchana, wengi wao wameachwa hapo na wazazi wao. Mwanzoni walikuwa wakipiga kelele za furaha, mwishoni wakanyamaza kabisa, na mtoto mmoja wa kike alikuwa ameduwaa akilia. Ikiwa watoto wa mji mkubwa waliozoea sinema walipatwa na hali hiyo, mtoto wa kwetu atasalimika vipi?

Pili, mzee aliyesema sinema ipigwe marufuku. Namheshimu sana, lakini sikubaliani naye. Sinema hii inalo fundisho, na fundisho lenyewe ndilo lililowaudhi vijana. Walikasirika kwamba steringi amekufa. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza, nani amemwua? Maiti walimzunguka usiku kucha wakashindwa. Waliomwua ni watu wazima, wenye akili, wenye kibali cha serikali, waliokuja kuokoa watu. Kosa lao ni haraka. Hawakuita, hawakuuliza, hawakungoja asogee waone uso wake. Itakumbukwa kwamba Dk. Martin Luther King aliuawa Aprili 4 mwaka huo huo wa 1968, na watazamaji wengi wa Marekani walipomwona mtu mweusi akiuawa kwa risasi na kutupwa motoni hawakuona hadithi, waliona habari za nchi yao. Mtengenezaji wake, George Romero, alieleza mara nyingi kwamba alimchagua Duane Jones kuigiza Ben kwa sababu tu ndiye aliyefanya vizuri zaidi katika majaribio. Hata hivyo maana ilijileta yenyewe.

Na sisi maana yetu ilijileta yenyewe pale kisimani. Wale vijana kumi na wawili walidhani wao ni steringi. Kumbe walikuwa lile kundi la mwisho wa sinema. Haraka haraka haina baraka, na haraka ya mwenye silaha ni mauti ya asiye na kosa.

Tatu, kijana aliyesema ni sinema ya bei rahisi. Hapo alisema kweli, ila asiseme kwa dharau. Watu kumi walianza kwa kuchanga dola mia sita kila mmoja, na hadi mwisho sinema iligharimu dola za Marekani zipatazo 114,000, kiasi kidogo mno kwa nchi ile. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, ambayo kwa picha zisizo na rangi haijulikani. Maiti wengi walikuwa marafiki na wenyeji wa hapo hapo. Leo sinema hiyo imekwisha pita miaka hamsini, na mwaka 1999 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya sinema za kuhifadhiwa. Lakini vijana wetu wajifunze na hili: jina la sinema lilipobadilishwa, waliosahau kurudisha tangazo la haki miliki walipoteza haki hiyo kwa sheria ya Marekani ya wakati ule. Ndiyo sababu imenakiliwa dunia nzima bila malipo, hata ikafika kijijini kwetu ndani ya flashi. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza sinema kwa fedha kidogo na aanze, ila aandike mikataba yake vizuri.

Ndugu Mhariri, sasa natoa mapendekezo yangu. Nchi yetu inayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na tunayo Bodi ya Filamu ambayo kazi yake mojawapo ni kukagua filamu na kuzipanga kwa madaraja. Lakini Bodi haiwezi kukaa katika kila banda la kijiji. Serikali za vijiji ndizo ziwajibike. Watoto wasiruhusiwe katika mabanda usiku, na mwenye banda anayepokea mia tano ya mtoto wa darasa la pili aitwe na kamati aeleze. Aidha, wale wanaofafanua sinema kwa Kiswahili watambue kwamba wao ni walimu, wapende wasipende. Yule kijana wetu aliita maiti wa Pennsylvania "misukule" tangu mwanzo hadi mwisho, akipenda watu wacheke. Neno moja likafanya kazi ambayo yeye hakukusudia.

Jambo jingine ni hili. Wazee wenye ugonjwa wa kusahau wajulikane kwa majirani. Familia zisiwafiche kwa aibu. Mgonjwa akiletwa kijijini, mwenyekiti na balozi waarifiwe, ili akionekana usiku njiani ashikwe mkono arudishwe nyumbani.

Mwisho, nikiri kosa langu mwenyewe. Usiku ule niliwaona wanafunzi wangu katika benchi la mbele. Ningeweza kuwatoa, au angalau kuwakusanya Jumatatu asubuhi tukazungumza juu ya walichokiona. Sikufanya lo lote kati ya hayo, kwa kuwa nilitaka kuona mwisho wa sinema. Sasa nimeanza. Kila Jumatatu kipindi cha mwisho darasa la saba tunajadili walichotazama, kiwe sinema au hadithi ya redio. Yule kijana wa fimbo ndiye aliyesema wiki iliyopita, "Mwalimu, Ben angeita kwa sauti wangemjua." Mwenzake akamjibu, "Na wao wangeuliza kwanza." Wote wawili niliwapa alama.

Yule kijana sasa humchotea bibi maji kila jioni. Hakuna aliyemwagiza.

Naomba walimu wenzangu na wazazi nao watoe maoni yao katika ukurasa huu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini, Kanda ya Ziwa.