Sindano Nayo Ni Mkate wa Kila Siku

Kila mwaka masomo yanapoanza, vijana wetu kutoka Bara hushuka bandari ya Malindi na mabegi yao, tayari kwa vyuo vya Unguja. Wapo wanaobeba kitu ambacho hawakukitaja kwenye fomu yoyote: chupa ndogo ya insulini iliyozungushiwa kitambaa chenye maji. Hawa ni wenye kisukari cha aina ya kwanza. Tunaandika kwa ajili yao, na tunaandika dhidi yetu wenyewe.

Mwili wa kijana huyu hautengenezi insulini. Asipojichoma sindano, siku chache zinatosha kumfikisha kaburini. Akijichoma asile, sukari inashuka: anatetemeka, anatokwa jasho, anaongea kama mlevi, na anaweza kuzimia. Hadi mwaka 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alipochomwa insulini kule Toronto, ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Na dawa yenyewe hutaka ubaridi. Wanaokumbuka miezi mitatu ya giza Unguja, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua friji bila umeme ni kabati tu. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye busara ana mtungi wa udongo chumbani.

Sasa tuseme tulichomfanyia. Kijana mmoja wa usharika wetu aliambiwa kwenye mkesha kwamba sindano ni dalili ya imani haba. Aliacha dawa, akafunga na kuomba. Siku ya tatu wenzake walimbeba hospitali hajitambui. Alipona, lakini mitihani ilimpita na akatakiwa kurudia mwaka. Alipotuomba barua ya kumtetea, sisi viongozi wake tulisita, tukasema hayo ni mambo ya chuo. Aliyemwambia aache dawa hatukumkemea hata kidogo. Dhambi hii ni yetu.

Wapo watakaotujibu kwamba Yesu aliponya. Ndiyo, aliponya, nasi tunawawekea wagonjwa mikono na hatutaacha. Lakini Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa, na hakuna aliyemwambia aache utume (2 Wakorintho 12). Timotheo alishauriwa tiba ya tumbo lake, hakushauriwa mkesha (1 Timotheo 5). Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, Bwana alilikataa swali lenyewe (Yohana 9). Luther mwenyewe nusura afe kwa mawe ya figo kule Schmalkalden mwaka 1537. Akaendelea kufundisha na kuhubiri hadi 1546. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, tunayowakaririsha watoto wa kipaimara, anapoeleza mkate wa kila siku anahesabu pia afya. Basi anayemnyang'anya mgonjwa sindano anamnyang'anya mkate alioufundishwa kuuomba.

Wengine husema chuo kina sheria, mgonjwa asipendelewe. Nani ameomba alama za bure? Kinachoombwa ni ruhusa ya kuingia na andazi na chupa ya juisi katika chumba cha mtihani, mtihani kupangwa upya penye cheti cha daktari, na nafasi ndogo katika friji ya bweni. Hayo hayapunguzi ugumu wa swali hata moja.

Na tuone haya mbele ya majirani zetu. Ramadhani hapa Mjini chakula cha mchana ni shida kupatikana, lakini Uislamu unamruhusu mgonjwa asifunge. Tumemwona mama Mwislamu mwenye nyumba akimpikia mpangaji wake Mkristo uji wa mchana, yeye mwenyewe akiwa amefunga, kwa sababu alijua kijana amechoma sindano. Huku sisi, wachungaji wa kijana huyo, tulimwacha afungishwe siku tatu.

Pale Mkunazini, ndugu zetu Waanglikana walijenga kanisa palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Sokoni pale mtu alikaguliwa meno na misuli, na mwili dhaifu ulishusha bei. Kamati ya ufadhili inayouliza, "Huyu na ugonjwa wake atamaliza kweli?" inafanya ukaguzi uleule. Kanisa halina ruhusa ya kulirudisha soko lile.

Basi tusimame. Kila usharika wenye wanafunzi uwajue wagonjwa wake, kwa siri wanayoitaka wao. Mchungaji aandike barua anapoombwa. Mhubiri anayewaambia watu waache dawa asipewe mimbari yetu, hata akijaza viti. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne, wakabomoa dari ya nyumba ya watu ili afike. Sisi hatukuombwa kubomoa dari. Tuliombwa barua ya ukurasa mmoja.